Maandalizi ya safari ndefu ya barabara

Maandalizi ya safari ndefu ya barabara ni kazi zote zinazofanywa kabla ya kuondoka ili watu, gari na mizigo vifike salama baada ya mwendo wa mamia ya kilomita. Kazi hizo ni pamoja na kukagua gari, kukusanya nyaraka, kuchagua saa ya kuondoka, kufungasha nguo, chakula, maji na dawa, na kujua la kufanya gari likiharibika mahali pasipo na gereji.

Hakuna kipimo kimoja cha safari ndefu. Kwa kawaida huitwa ndefu ile inayochukua sehemu kubwa ya siku au zaidi, kiasi kwamba dereva atachoka, abiria watakula njiani, na gari litajazwa mafuta zaidi ya mara moja. Makala hii inatumia mfano wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya nchini Tanzania, yenye urefu wa takriban kilomita 830. Humo msafiri hukutana na joto la pwani, hifadhi ya wanyama, mlima mkali, baridi ya nyanda za juu na malori mengi yaendayo Zambia, Malawi na Kongo.

Umuhimu wa maandalizi unaonekana katika takwimu za Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Baadhi ya ajali hutokana na mambo ambayo yangeweza kuonekana nyumbani kabla ya kuondoka: tairi lililochakaa, breki mbovu, mizigo iliyozidi au dereva aliyekosa usingizi.

Historia

Neno safari limetokana na Kiarabu, na kutoka Kiswahili limeingia katika lugha nyingi za dunia. Neno masurufu, lenye asili hiyohiyo, lina maana ya fedha na vitu vya matumizi ya safarini. Leo hutumika pia katika ofisi za serikali kwa fedha anazopewa mtumishi kabla ya kwenda kufanya kazi nje ya kituo chake.

Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa miezi kadhaa. Msafara uliongozwa na kirangozi, na ulibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba za kubadilishana na chakula njiani, kwa kuwa haikuwezekana kubeba chakula cha safari nzima. Tabora ilikuwa mahali pa kupumzika, kutafuta wapagazi wapya na kujaza upya mahitaji. Kanuni hiyo haijabadilika: msafiri hubeba kile asichoweza kukipata njiani, na hujua mapema ni wapi atapata vingine.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia ilipata umuhimu mkubwa baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965. Zambia, ambayo haina bahari, ilihitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kusafirisha shaba. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita katika barabara ya vumbi na matope ambayo kwa Kiingereza ilipewa jina lenye maana ya njia ya jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kupanga njia na muda

Hatua ya kwanza ni kukadiria muda kwa mwendo halisi, si kwa mwendo wa juu unaoonekana kwenye dashibodi. Nchini Tanzania mwendo katika maeneo ya makazi hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na vijiji vingi viko kando ya barabara kuu. Yakiongezwa matuta, malori ya mlimani na vituo vya ukaguzi, gari dogo linaweza kuwa na wastani wa kilomita 65 hivi kwa saa. Kwa wastani huo kilomita 830 huchukua karibu saa 13 bila kuhesabu mapumziko. Anayeondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi atafika Mbeya giza limekwisha kuingia.

Kwa sababu hiyo wenye gari dogo huchagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na madereva wawili wanaopokezana. Ya pili ni kulala njiani, kwa kawaida Iringa, iliyo umbali wa kilomita 500 hivi kutoka Dar es Salaam, ambako mtu aliyeondoka alfajiri hufika alasiri. Kuendesha usiku kuna hatari zaidi kwa kuwa watembea kwa miguu, baiskeli, mifugo na malori yaliyoharibika bila taa huonekana kwa kuchelewa.

Majira nayo huzingatiwa. Pwani hupata masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, lakini nyanda za juu kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali Mafinga, Makambako na Mbeya, na ukungu wa asubuhi unaweza kuzuia kuona mbele.

Ndugu au rafiki anayebaki nyumbani anapaswa kuambiwa njia itakayopitwa, saa ya kutarajiwa kufika na namba za gari. Msafiri asipofika wala kupatikana kwa simu, huyo ndiye atakayeanza kuuliza.

Kukagua gari

Gari hupelekwa kwa fundi wiki moja kabla ya safari, si siku ya mwisho. Kipuri kilichobadilishwa kinahitaji siku chache za matumizi ya mjini ili kasoro ijitokeze karibu na gereji.

Tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319, kwa mfano, zina maana ya juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata zake bado ni nene, na tairi lenye nyufa au uvimbe ubavuni halifai kwa safari. Katika nchi nyingi kina cha kashata hakiruhusiwi kupungua milimita 1.6. Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kwa kufuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Gari likijaa watu na mizigo, mara nyingi kipimo hicho huwa cha juu zaidi. Tairi la akiba hupimwa pia. Wengi hugundua kuwa halina upepo siku wanapolihitaji.

Breki. Pedi, mafuta ya breki na breki ya mkono hukaguliwa. Gari linalovuta upande mmoja linapofunga breki, au linalotoa mlio wa chuma kusuguana, halipaswi kuondoka.

Rejeta na mkanda wa feni. Mlima mrefu katika joto hulitesa gari lenye rejeta inayovuja. Mipira ya maji iliyolainika au kupasuka hubadilishwa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa maana maji yanayochemka huruka na kumbabua mtu usoni na mikononi.

Taa, wipa na honi. Taa zote hujaribiwa pamoja na mtu anayesimama nyuma ya gari. Wipa huangaliwa hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua ya Mbeya haisubiri masika ya Dar es Salaam.

Mafuta. Gari linalotumia lita 1 kwa kilomita 10 linahitaji lita 83 kwa mwendo wa kilomita 830. Tangi la lita 50 halitoshi, na si busara kungoja hadi taa ya mafuta iwake. Kanuni ya madereva wengi ni kujaza kila tangi linapofika nusu. Petroli ya akiba haibebwi ndani ya gari pamoja na abiria, kwa kuwa mvuke wake hulevya na kuwaka upesi.

Nyaraka

Dereva hubeba leseni iliyo hai na ya daraja linalolingana na gari, kadi ya gari au nakala yake, na uthibitisho wa bima. Gari lisilo la dereva mwenyewe huhitaji barua ya mwenye gari, hasa mpakani. Nakala za karatasi huwekwa mbali na zile halisi, na picha zake huhifadhiwa kwenye simu.

Anayevuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, au wa Kasumulu kwenda Malawi, huhitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano pale kinapotakiwa, na bima inayotambulika nje ya nchi. Kadi ya njano ya COMESA hutumika katika nchi kadhaa za ukanda huu. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia.

Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hupita mizani. Wenye malori na mabasi hupaswa kujua uzito wa mzigo kabla ya kuondoka, kwa sababu kuzidisha huleta faini na kushusha mzigo njiani.

Vifaa vya gari

Vifaa vifuatavyo huwekwa mahali panapofikika bila kushusha mizigo yote:

- tairi la akiba, jeki na spana ya nati za tairi;
- pembetatu mbili za kuakisi mwanga;
- kizimamoto ambacho muda wake haujaisha;
- kamba imara ya kuvutia gari;
- nyaya za kuamshia betri;
- maji ya rejeta, angalau lita 5, na chupa ya oili;
- fyuzi na balbu za akiba, bisibisi, koleo, utepe na waya mwembamba;
- tochi yenye betri mpya;
- kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki penye udongo laini;
- mawe mawili au vigingi vya kuzuia magurudumu;
- fulana ya kuakisi mwanga na glavu.

Dereva hufanya zoezi la kubadili tairi nyumbani angalau mara moja. Nati zilizokazwa kwa mashine huenda zisifunguke kwa spana ndogo, na ni afadhali kulijua hilo uani kuliko porini.

Nguo na mizigo

Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Iringa iko juu kiasi cha meta 1,500 na zaidi, na Mbeya iko karibu meta 1,700. Anayeondoka pwani kwa fulana nyepesi hutetemeka jioni. Sweta, soksi na shuka au kitenge kizito huwekwa juu ya mizigo, wala si chini kabisa. Kanga na kitenge vina kazi nyingi safarini: kujifunika, kutandika chini, kumbebea mtoto, kuzuia jua dirishani na kusitiri anayejisaidia kichakani.

Mizigo mizito hukaa chini na karibu na katikati ya gari. Mzigo mkubwa juu ya keria hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Vitu vigumu, kama vile ndoo, jeki na mitungi, havikai nyuma ya vichwa vya abiria bila kufungwa, kwa kuwa breki ya ghafla huvirusha mbele. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Vikapu na mifuko ya kitambaa hutumika badala yake.

Chakula na maji

Chakula kizuri cha safari hakichachi upesi, hakimwagiki na huliwa kwa mkono. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na machungwa vinafaa. Wali wa nazi na mchuzi wenye nazi huchacha haraka katika joto, na kula chakula kilicholala ndani ya gari ni njia fupi ya kuharisha. Mayai huliwa mapema siku hiyohiyo.

Maji ya kunywa hukadiriwa kuwa lita 2 hadi 3 kwa mtu mzima kwa siku, mbali na maji ya kunawa na ya gari. Wasafiri wengine hujinyima maji ili wasisimame mara kwa mara. Matokeo yake ni kuumwa kichwa na uchovu, ambao kwa dereva ni hatari.

Njiani bidhaa za shamba hupatikana kwa wingi, kama vile vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula. Ni desturi kununua wakati wa kurudi, gari likiwa na nafasi. Ununuzi hufanywa gari likiwa limeegeshwa nje kabisa ya barabara.

Dawa na afya

Sanduku la huduma ya kwanza huwa na bandeji, pamba, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, mkasi, glavu, dawa ya maumivu na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Pakiti zikikosekana, mchanganyiko hutengenezwa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi haizidishwi, kwani kuzidi kwake humdhuru mtoto.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au kifafa hubeba dawa za siku zaidi ya zile za safari, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini haiachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mjamzito hupata ushauri wa kliniki kabla ya kuondoka na hubeba kadi yake. Wanaotapika garini huketi mbele, hutazama mbali barabarani na hula kidogo. Tangawizi huwasaidia baadhi yao.

Kuketi saa nyingi bila kujinyoosha kunaweza kusababisha damu kuganda miguuni, hasa kwa wazee, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kushuka na kutembea dakika chache kila baada ya saa mbili husaidia. Watoto wadogo hukaa viti vya nyuma katika kiti chao maalumu, si mapajani mwa abiria wa mbele.

Wasafiri wa basi

Watu wengi husafiri kwa basi. Mabasi yaendayo mikoani kutoka Dar es Salaam hutumia Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichoko Mbezi Luis, kilichozinduliwa mwaka 2021. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023.

Abiria huhakikisha kuwa tiketi ina jina lake, tarehe, saa ya kuondoka na namba ya kiti, na kwamba mzigo wa buti una alama inayolingana na aliyopewa. Fedha, simu, dawa, nyaraka na sweta hukaa katika mkoba asioachana nao. Fedha hugawanywa: nyingine kwenye simu, nyingine taslimu kwa noti ndogo. Pawabenki huchajiwa usiku wa kuamkia safari.

Mapumziko ya chakula ni mafupi, na basi likisimama porini ili abiria wachimbe dawa, muda ni mfupi zaidi. Msafiri huangalia namba za basi lake kabla ya kutoka, hukaa upande wa mbali na barabara na hubeba karatasi ya chooni na maji kidogo. Abiria ana haki ya kudai mwendo upunguzwe, na anaweza kupiga simu polisi kwa namba 112.

Njiani

Kati ya Morogoro na Iringa barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mwendo hupunguzwa, watu hawashuki, wala chakula hakirushwi kwa nyani. Kugonga mnyama humtia dereva faini, na kugonga nyati au twiga usiku kunaweza kuua waliomo garini.

Baada ya Ruaha Mbuyuni hufuata mlima Kitonga, wenye kona kali na bonde upande mmoja. Wakati wa kupanda, jicho huwa kwenye kipimo cha joto la injini. Wakati wa kurudi, gari huteremka kwa gia ileile ambayo lingehitaji kuupanda mlima huo. Kukanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zishindwe kushika, na kuteremka bila gia ni hatari zaidi. Malori hayapitwi kwenye kona. Baadhi ya madereva wa malori huwasha indiketa kumwashiria aliye nyuma kuwa njia ni nyeupe, lakini ishara hiyo si dhamana: anayepita anapaswa kuona mwenyewe.

Matawi ya miti yaliyolazwa barabarani ni onyo kuwa kuna gari lililoharibika au ajali mbele. Hutumika sana pale pembetatu zinapokosekana.

Gari likiharibika au ajali ikitokea

Gari husogezwa nje ya lami kadiri inavyowezekana, taa za tahadhari huwashwa na pembetatu huwekwa mbele na nyuma, mbali vya kutosha kwa lori kupunguza mwendo. Abiria hushuka upande usio wa barabara na kusimama mbali na gari. Matengenezo yakiisha, mawe na matawi huondolewa, kwani jiwe lililoachwa barabarani humwua mwingine usiku.

Lori la mafuta lililopinduka halikaribiwi kwa sababu yoyote. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, kando ya barabara hiyohiyo, lori la petroli lilipinduka na kulipuka wakati watu wakichota mafuta yaliyomwagika. Watu wapatao 100 walipoteza maisha. Anayefika mahali pa namna hiyo hurudi nyuma, huwazuia wengine na huita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Usiku wa kuamkia safari

Gari hupakiwa jioni ili asubuhi isiwe ya kukimbizana. Dereva hulala mapema, angalau saa 7, na hanywi pombe wala dawa za mafua zinazoleta usingizi. Kahawa na kufungua dirisha haviondoi usingizi, bali huuahirisha kwa muda mfupi tu. Dereva anayesinzia huegesha mahali salama na kulala.

Methali ya Kiswahili husema, "Usisafirie nyota ya mwenzio". Katika safari za barabara maana yake ni dhahiri: gari lililo mbele huenda lina breki mpya, madereva wawili na halina haraka. Kila msafiri huondoka kwa maandalizi yake mwenyewe, na iwapo gari, hali ya hewa au afya havikuwa tayari, kuahirisha safari kwa siku moja nako ni sehemu ya maandalizi.

Tazama pia

- Huduma ya kwanza
- Usalama barabarani
- Hifadhi ya Taifa ya Mikumi
- Mkoa wa Iringa
- Mkoa wa Mbeya